Katika nyumba yetu: Wakati munganga amesema «kansere»



Mwezi huu ukurasa wetu unataka kusema juu ya neno moja lenye watu wanaogopa hata kulitaja. Wengine wanasemaka «ule ugonjwa», wengine wanasemaka «kidonda cha ndani», wengine wananyamaza tu na kuangalia chini. Neno lenyewe ni kansere, na leo tunaongea juu ya kansere ya ziwa. Tunasema ziwa bila haya. Ziwa lilitunyonyesha sisi wote, ni kiungo cha mwili sawa mukono na jicho. Mama akikosa kulitaja mbele ya munganga kwa sababu ya haya, haya ile inaweza kumuletea hasara kubwa.

Tunakuandikia kwanza wewe mama uliyetoka lopitali wiki hii na karatasi mukononi. Labda umeikunja mara ine na kuificha ndani ya kikwembe. Labda hujamuonyesha hata bwana. Jana umepika bukari sawa siku zote, watoto wamekula, na hakuna mutu aliyejua kwamba usiku hukulala. Basi, kaa kidogo, tuongee.

Hauko wa kwanza wala hauko peke yako. Katika mwaka 2022, shirika la afya la dunia, OMS, lilihesabu wanawake 2,300,000 hivi walioambiwa neno lile lile uliloambiwa. Katika inchi 157 kati ya 185 zilizohesabiwa, ndiyo kansere iliyopata wanawake wengi kupita kansere zingine zote. Mwaka ule ule wanawake 670,000 walikufa kwa ajili yake. Utazame vizuri hizo hesabu mbili: wanaougua na wanaokufa hawalingani. Kusikia kansere haiko kusikia tarehe ya maziko.

Lakini hatutaki kukudanganya pia. Hapa kwetu Afrika wengi wanafika kwa munganga wakiwa wamechelewa. Watafiti wa mambo ya afya walifuata wanawake zaidi ya 2,000 wenye kansere ya ziwa katika inchi tano, Namibia, Nijeria, Afrika ya Kusini, Uganda na Zambia yetu hii ya jirani, kuanzia 2014. Nyuma ya miaka mitatu, nusu tu walikuwa wangali wazima. Ni habari nzito, ndiyo. Lakini wale waliofanya hesabu walisema jambo lingine: sehemu kubwa ya vifo vile, kama karibu kimoja kati ya vitatu, ingeweza kuepukwa kama ugonjwa ungejulikana mapema na matunzo yangekuwa mazuri. Kwa hiyo siku zilizo mbele yako sasa zina bei kubwa. Usizipoteze kwa kulia peke yako chumbani.

Najua swali lenye linakuzunguka usiku: juu ya nini mimi? Na kama hujijibu mwenyewe, jamaa watakujibia. Shangazi atasema ni bulozi ya yule jirani. Mama mukwe atasema ni sababu ulikatalia mutoto kunyonya. Mwingine atasema ni feza ulizokuwa unaweka ndani ya sutie wakati wa kwenda soko. Mwingine atanong’ona kwamba kuna zambi ya siri. Achana nao wote. Feza ndani ya sutie haileti kansere. Kugongwa ziwa na mutoto akicheza hakuleti kansere. Haiambukizi: watoto walale karibu nawe, bwana ale katika sahani yako, hakuna kitu kitamupata. OMS inasema kama nusu ya kansere za ziwa zinapata wanawake wasio na sababu yoyote ya pekee, isipokuwa kwamba ni wanawake na umri umesonga. Mambo yanayojulikana kuongeza hatari ni kama haya: jamaa ambamo mama ao dada walikwisha kuugua, kuanza kwenda mwezini mapema sana na kumaliza kwa kuchelewa, pombe, unene mwingi nyuma ya umri wa kuzaa. Na wanaume pia wanaugua, ijapo ni wachache sana, hawafiki moja kwa mia ya wagonjwa wote.

Kwetu watu wa mugodi wanauliza pia juu ya mavumbi. Mavumbi ya shaba na kobalti haiko kitu cha kuchekea. Katika mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichapa habari kwamba watu wanaokaa karibu na migodi ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mikojo yao. Ni haki ya raia kuomba barabara zimwagiwe maji na maji machafu yasitupwe mutoni. Lakini mavumbi haihesabiwi kati ya sababu zinazojulikana za kansere ya ziwa, na wewe mama usijilaumu kwamba ulikaa kampi ao kwamba ulisaidia bwana kuosha mawe.

Sasa, kazi. Ununue kaye ndogo na biki. Kaye ile itakuwa rafiki yako. Siku munganga alipokuambia habari, masikio yalijifunga baada ya lile neno moja; ndiyo vile inakuwaka kwa watu karibu wote. Kwa hiyo usirudi peke yako. Chagua mutu mumoja, dada ao yaya ao mama mwenzako wa kundi, mwenye kichwa kitulivu, aende naye na kuandika. Si mutu mwenye kulia mbele yako. Wa kulia watakuja wao wenyewe, hawahitaji kualikwa.

Uliza hivi: je, kipande cha nyama kilitolewa na kupimwa katika laboratwari? Kipimo kile kinaitwa biopsi. Bila biopsi munganga hawezi kujua kwa hakika, maana vivimbe vingi vya ziwa haviko kansere kabisa. Wamama wengi wanakimbiaka biopsi kwa sababu wamesikia kwamba «ukigusa na chuma, inaamka na kusambaa». Hapana. Sindano haiamushi kansere. Ile inayosambaa ni ile iliyoachwa miezi na miezi bila kuguswa, wakati mugonjwa anapakwa dawa ya majani huku na huku, na siku anapofika lopitali watu wanasema: unaona, wamemugusa na kisu akakufa. Kisu kilikuja mwisho, lakini ndicho kinachoshitakiwa.

Uliza tena: ugonjwa umefika hatua gani? Umebaki katika ziwa, ao umefika katika kwapa, ao umeenda mbali, katika mifupa, maini, mapafu? Na uliza kama laboratwari ilitazama homoni na ile alama inayoitwa HER2. Maneno haya ni magumu, lakini yanaonyesha dawa gani itakufaa. Kansere ya ziwa haiko ugonjwa mumoja. Dawa iliyosaidia jirani yako inaweza kukosa kukusaidia wewe, na dawa aliyokataliwa yeye inaweza kuwa yako. OMS inaomba kwamba tangu mama anapofika mara ya kwanza na kivimbe mpaka kujua kwa hakika, zisipite siku 60. Kama wanakuambia «rudi mwezi ujao» mara tatu, uliza kwa upole lakini bila kuogopa: tunangojea nini? Ni nani mwenye karatasi yangu?

Juu ya matunzo tuseme kidogo. Kuna kupasuliwa, ao kuondoa kivimbe na sehemu kidogo tu, ao kuondoa ziwa lote. Zamani waliondoa lote kwa kila mugonjwa, pamoja na nyama za kifua. Munganga mumoja wa Marekani, Bernard Fisher, alionyesha katika mwaka 1985 kwamba kwa wagonjwa wengi wenye kivimbe kidogo, kuondoa kivimbe peke yake na kuongeza miale kunawaacha na maisha marefu sawa wale walioondolewa ziwa lote. Lakini tazama neno «na kuongeza miale». Mahali ambapo mashini ya miale haipatikani, munganga anaweza kukushauri kuondoa lote, na haiko ukali wake: anatazama nini kinawezekana kwako.

Kuna kemoterapia, ile watu wanaita shimio, inayopita katika mushipa. Inachosha, inaleta kichefuchefu, nywele zinaanguka. Nywele zinarudi. Kwa miezi ile kitambaa cha kichwa kitafanya kazi, na wamama wetu wanajua kukifunga kupita wanawake wote wa dunia. Kuna vidonge vya tamoksifeni kwa wale ambao kansere yao inakula homoni: kidonge kila siku, miaka mitano, mara nyingine zaidi. Hapo watu wengi wanaangukaka. Mwaka wa kwanza wanameza, mwaka wa pili wanajisikia wazima, wanasema nimepona, feza ya kidonge ni heri ilipe masomo. Mama, kidonge kile hakikuwekwa kwa ajili ya maumivu, kiko mulinzi wa mulango. Usimufukuze mulinzi kwa sababu mwizi hajaonekana. Na kwa wale wenye alama HER2 kuna dawa inayoitwa trastuzumabu, ambayo OMS iliiweka katika orodha ya dawa za lazima tangu 2015. Bei yake ingali ya kuumiza, lakini uliza.

Mashini ya miale haiko katika kila muji. Watu wa upande wetu wanafikiriaka Lusaka, kwa sababu kule kuna lopitali ya kansere iliyofunguliwa 2007, na njia ya Kasumbalesa tunaijua sote. Watu wa Kivu wanaangalia Rwanda. Mbele ya kuuza kiwanja na kupanda basi, tuma mutu apige telefone, ao munganga wako aandike: je, mashini inafanya kazi sasa? Zamu ni ya wiki ngapi? Matunzo yote yatakuwa bei gani, tena ni nani atakupokea kulala? Mashini inaharibikaka sawa gari. Ni huzuni kuona mama amefika mbali na vikapu vyake, na anaambiwa angojee.

Na feza? Wazee wetu wanakumbuka wakati jamaa ya mufanyakazi ilipokelewa katika lopitali ya kampuni bila kuhesabu. Leo jamaa nyingi hazina tena ile njia. Lakini kama bwana ana kazi yenye mukataba, katika kampuni kubwa ao kwa wale wadogo wanaoikodia watu, usinyamaze: sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inamuomba mwenye kazi kutunza mufanyakazi, bibi yake na watoto wake wakati wa ugonjwa. Bwana aende katika biro na karatasi ya munganga, aulize, aandikiwe jibu. Kama wanamujibu kwa mudomo tu, aombe barua. Mutu wa sendika aende naye.

Tufike sasa kwa watu. Wengi wanatuuliza: nimwambie nani? Hakuna sheria kwamba siku ya yenga utasimama mbele ya kanisa lote na kutangaza. Anza na mumoja. Kwa mwenye ndoa, huyo mumoja mara nyingi ni bwana, na kama bwana si mutu wa kupokea habari ile peke yake, mwite pamoja na muyomba ao shemeki mwenye busara. Baba wa nyumba, wewe unayesoma ukurasa huu nyuma ya mugongo wa bibi yako, tunakusemesha pia. Tunajua unaogopa. Unaogopa kifo, unaogopa deni, na kuna woga mwingine usioutaja kwa mutu: je, nitamuangalia namna gani kama ziwa limeondoka? Wanaume wengine wanakimbilia kazi, wanafanya zamu mbili, wanasema natafuta feza ya dawa. Feza ni lazima. Lakini yeye anahesabu usiku wenye hauko nyumbani. Keti naye. Siku bandeji inapofunguliwa mara ya kwanza, uwe pale, na usigeuze uso. Hakuna kitenge cha bei gani kitakacholipa siku ile kama uliikosa.

Watoto nao wanajua kupita tunavyofikiri. Wanaona mama anafunga mulango, wanasikia telefone za kunong’ona, na wanajitungia hadisi mbaya kupita ukweli. Uwaambie kwa maneno mafupi: mama ana ugonjwa katika ziwa, unaitwa kansere, haukuja kwa kosa lenu, wanganga wananitunza, nitachoka sana, tutasaidiana. Binti mukubwa, wewe uliye katika masomo, jamaa itataka uache shule ili upike na kulea wadogo. Tunasema kwa nguvu: hapana, isiwe ndiyo njia ya kwanza. Kaka zako wana mikono. Tena wewe binti, kama mama yako ameugua akiwa kijana, umwambie munganga habari ile siku ukienda kupimwa. Kila mwezi ujue ziwa lako: kitu kigumu sawa mbegu, ngozi inayokunjamana sawa ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, damu inayotoka katika chuchu. Ukiona, usingojee kwamba iume. Kansere ya ziwa mara nyingi haiumi mwanzoni, na hapo ndipo inatudanganya.

Katika inchi ya Marekani kulikuwa mama mumoja, Terese Lasser. Katika mwaka 1952 waliondoa ziwa lake, na alipolala pale kitandani hakupata mutu wa kumujibu maulizo madogo ya mwanamuke: nitavaa nini? mukono utainuka tena? bwana yangu ataniangalia? Wanganga walijua kisu, lakini maulizo yale hawakuyajua. Alipopata nguvu alianza kutembelea wagonjwa wapya katika lopitali, kitanda kwa kitanda, na mufuko mudogo. Ndani yake aliweka mupira mudogo wa kukamua kwa mukono, kamba ya kuvuta ili bega lifunguke, na kitu cha kujaza sutie upande uliokatwa. Wanganga wengine hawakumupenda, walimuona mutu wa kuingilia kazi zao. Hakuacha. Kazi ile ikaitwa Reach to Recovery, na katika 1969 chama cha Marekani cha kupigana na kansere kiliikubali kuwa yake. Kisha ikaenea katika inchi nyingi.

Miaka michache kisha, katika 1974, bibi wa rais wa Marekani, Betty Ford, alipasuliwa ziwa. Wakati ule mambo ya ziwa yalitajwa kidogo tu katika magazeti. Yeye alikubali watu wote wajue, na wanawake wengi wakaenda kupimwa kwa sababu yake. Alikufa katika 2011 akiwa na miaka 93. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 37 nyuma ya kisu.

Tunasimulia haya kwa sababu mufuko wa mama Lasser haukuwa na kitu cha bei. Mupira, kamba, kitambaa. Vyote vinapatikana hapa kwetu. Katika kila kundi la wamama, tafuta kama kuna mumoja aliyekwisha kupita njia ile. Mara nyingi yuko, amenyamaza miaka kumi. Mumuendee kwa siri kwanza, mumuulize kama angekubali kumutembelea mugonjwa mupya. Mugonjwa akimuona amesimama wima, amevaa vizuri, ameshika kapu la soko, atapata kitu chenye sisi wengine hatuwezi kumupa hata tukihubiri mpaka mangaribi.

Na sisi wengine? Tuna kazi yetu. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa chini naye bila kusema neno. Shida ilianza walipofungua kinywa. Kwa hiyo, wewe mutembezi, usilete hadisi ya binamu yako aliyekufa na ugonjwa ule ule. Usiseme «Mungu anakujaribu» wakati hujui Mungu anafanya nini. Usiulize «wamekata kweli? nione». Usije wamama kumi na wawili kwa mara moja ili mugonjwa aamuke kuwatafutia viti na kuwachemushia chai. Njoo na makala mufuko nusu. Njoo na sombe iliyokwisha kupondwa. Osha vikwembe vyake na kuvianika. Kamata watoto wadogo siku ya shimio, uwarudishe wameshiba. Lala lopitali usiku mumoja mahali pa dada yake ili yeye naye apumuzike. Na rudi mwezi wa tatu, mwezi wa sita, maana mwezi wa kwanza nyumba inajaaka watu, kisha inakauka sawa muto wa kiangazi.

Juu ya muchango, muwe na utaratibu. Likelemba inaweza kubadilisha zamu ili mugonjwa apokee kwanza. Feza za kanisa ziandikwe katika kaye na watu wawili, risiti za dawa zibandikwe pale pale. Hapa si kwa sababu hatuaminiani. Ni kwa sababu siku moja mutu atanong’ona, na kaye itajibu.

Kuna wenye kusema: tupa dawa, funga siku 40, imani itakuponya. Sisi tunaomba kwa ajili ya wagonjwa kila wiki na hatutaacha. Lakini mutu anayekuomba utupe dawa ili maombi yake yafanye kazi, mwogope, hata akiwa na Biblia kubwa kwapani. Na mufumu anayekupaka kitu chenye kuchoma juu ya kivimbe mpaka ngozi inapasuka, huyo anafungulia kidonda mulango. Kama umekwisha kwenda kwake, usiogope kumwambia munganga. Umwambie majani gani umekunywa, yeye anahitaji kujua kwa sababu mengine yanapigana na dawa.

Kwa mama ambaye ameambiwa kwamba ugonjwa umekwisha kwenda mbali, tuna neno pia, hatukukuruka. Matunzo hayajaisha kwako. Kuna dawa zinazopunguza ugonjwa na kukupa muda, na muda ule unaweza kuwa wa miaka kwa wengine. Kuna dawa za maumivu, mpaka mofini ya kunywa, na mutu asikuambie kwamba kuvumilia maumivu ni utakatifu. Omba dawa ya maumivu mapema. Watakaokutembelea waje vile vile, wacheke nawe vile vile, wakuulize shauri juu ya watoto na shamba vile vile. Hakuna kitu kinachomuumiza mugonjwa sawa kuona watu wanaongea juu yake akiwa pale, kama vile amekwisha ondoka.

Turudi kidogo kwa ule mupira na ile kamba, kwa sababu wamama wanaotoka kupasuliwa wanakosaka kuambiwa jambo hili. Mukono wa upande uliokatwa, kama walitoa pia vitu vya kwapa, unaweza kuvimba, hata nyuma ya miezi mingi. Munganga ao muuguzi akionyeshe namna ya kuuinua polepole kila siku: vidole vipande ukutani, kila siku juu kidogo, na kamata mupira wa kitambaa ukaukamue. Usikubali sindano ao kupimwa damu katika mukono ule kama mwingine uko muzima. Ukijichoma na mafuta ao ukijikata na kisu cha jikoni, osha mara moja na utazame. Ukiona mukono umekuwa mwekundu, una moto na umevimba, nenda lopitali siku ile ile. Na bidoni ya maji ya lita 20, kwa wiki hizi za kwanza, haiko yako. Kijana wa nyumba, wewe unayesoma mpaka hapa, bomba linafunguliwa saa ngapi kwenu? Uamuke mbele ya mama.